Sikio la Kushoto

Nafasi ni arobaini na tano.
Waliokuja ni mia moja na kumi na saba,
wamekaa kwenye nyasi za uwanja wa mpira, Lukuledi,
viatu vya Pasaka ndani ya vumbi la Oktoba,
na sisi wanne tuna meza, daftari, birika la chai ya tangawizi.

Nitaieleza kazi yetu ilivyo, bila kuipamba.
Kwanza makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo,
barua ya jumuiya yenye saini ya mwenyekiti
(mwenyekiti wa Mtakatifu Rita husaini kwa wino wa kijani,
na humsainia kila aombaye; hilo tunalijua).
Halafu mwenye kaka au dada humu ndani, hutangulia.
Halafu yatima wa parokia, viti vitano visivyoguswa.
Halafu ada: nani atalipa Januari,
nani atalipa mnada wa korosho ukishapita,
na nani anasema "mnada" huku anatazama chini.

Kisha mtoto mwenyewe.
Mwulizaji ni mimi. Hii rangi gani?
Mabibo matano chini ya mkorosho, mbuzi kala mawili,
yamebaki mangapi?
Mmoja akanijibu: mbuzi wa nani?
Nikampa alama zote.
Mwingine alilia tu, akimwita kuku wake kwa jina.
Fomu haina mahali pa kuku.

Saa saba akaja Bibi Somoe Likapa,
kanga imetoka sandukuni, mikunjo bado inaonekana,
amemshika mjukuu mkono.
"Jina?"
"Yusta."
"Na nyumbani?"
"Mwanahawa."
Bibi akasema: Mama yake alibatizwa hapo hapo kanisani kwenu,
akamzaa huyu, akamwita Yusta.
Alipofariki nikamchukua, nikamwita jina langu mimi.
Huitika yote mawili. Ninyi mnataka lipi?

Dhehebu. Kalamu yangu ikasimama juu ya vile vidoti.

Cheti cha kuzaliwa hakipo.
Kilibaki Mtwara mjini kwa baba, na baba hajulikani aliko.
Basi tukarudi kwenye kipimo cha zamani:
mkono wa kulia upite juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto.
Vidole vyake viliishia juu ya sikio,
pengo la punje ya choroko.
Akajivuta. Akasimama kwa ncha za vidole vya miguu,
kana kwamba sikio lenyewe liko juu zaidi.
Halafu, taratibu, akainamisha kichwa
akalileta sikio mkononi.

"Hajafika," alisema Mwalimu Chitanda.
"Ameshika."
"Ameinama."
"Nani alimkataza kuinama?"

Jioni tukapanga. Arobaini na nne walipita upesi.
Kikabaki kiti kimoja.
Sista Eustokia akasoma barua ya Bwana Nantipi,
ambaye mwanawe hakuijua rangi hata moja,
ila baba ametaja mabati ishirini ya darasa la pili.
Tusidanganyane: darasa la pili linavuja.
Mvua za Desemba zikianza, watoto husoma
wamebanana pembe moja kama njiwa.
Kura tatu zikaenda kwa mabati.
Ya nne ilikuwa yangu, wala sijisifu:
niliitoa kwa sauti ndogo. Nilikuwa na njaa,
nilitaka kwenda nyumbani.

Asubuhi orodha ilikuwa mlangoni, imebandikwa kwa ugali.
Imechapwa hadi arobaini na tano, Nantipi.
Chini yake, kwa kalamu, mwandiko ulioinama:
46. Yusta Mwanahawa Likapa.

Sikuuliza. Sista alikuwa bustanini anamwagilia mchicha,
amenipa mgongo, na mchicha ule ulikuwa umekwisha lowa.

Aliyeuliza ni fundi Mchopa, penseli sikioni,
anashusha mbao kutoka kwenye mkokoteni.
"Nimewachongea madawati ishirini na matatu, mwalimu,
kila dawati watoto wawili.
Hivi hiyo arobaini na tano
mlikuwa mnaihesabu vipi?"